Kubadili kadi ya video katika kompyuta ya zamani: pima kabla ya safari



Somo la leo ni kwa wote wanaotumia au kutunza kompyuta za mezani: vikundi vya vijana, walimu, wanaopiga chapa barua na fomu, na wale wanaojipatia kipato kwa kutengeneza video za arusi na picha za pasipoti. Linawahusu zaidi wakazi wa Kinama, pale Gasorwe, na wengine wote ambao duka lao la vifaa ni Muyinga mjini au Gitega.

Kompyuta inayofika mikononi mwetu mara nyingi ni ya mitumba. Ilifanya kazi ofisini miaka kumi au zaidi, ikauzwa, ikapita mikono miwili au mitatu. Siku moja picha inakwama, au skrini inakuwa nyeusi, au programu ya video inakataa kufunguka. Hapo mtu atasema: "Nunueni kadi ya video." Huenda ushauri huo ni sahihi. Lakini kabla ya kutoa fedha fikirieni safari yenyewe. Kutoka kambini kunahitaji karatasi ya ruhusa. Nauli ya kwenda Gitega kwa njia ya Karuzi, na ya kurudi, ni fedha. Fedha ya kadi huenda imetoka katika likelemba ya kikundi, yaani ni jasho la watu wengi. Mkirudi na kadi isiyoingia katika mashine, safari na fedha vimepotea. Mkirudi na kadi inayoingia lakini inayokula umeme kupita kiasi, mnaweza kupoteza hata mashine.

Kwa hiyo jambo kubwa la somo hili ni moja: kadi nzuri ni ile inayolingana na mashine yako. Ukubwa wake na sifa zake dukani ni mambo ya baadaye. Ulinganifu huo hupimwa hapa hapa kambini, kwa rula, kalamu na karatasi, kabla ya kuomba ruhusa ya safari.

1. KADI YA VIDEO NI NINI?

Ndani ya kasha la kompyuta kuna ubao mkubwa ulioshika vitu vyote. Huo ni ubao mama. Juu yake iko prosesa, ambayo hufanya hesabu, na RAM, ambayo ni kumbukumbu ya muda. Kazi ya kuchora kila kitu unachokiona kwenye skrini hufanywa na sehemu ya video.

Katika kompyuta nyingi za ofisi sehemu hiyo ni ndogo. Katika mashine za zamani zaidi iko juu ya ubao mama. Katika nyingi zilizotengenezwa tangu mwaka 2011 imo ndani ya prosesa yenyewe. Haina kumbukumbu yake, hukopa sehemu ya RAM ya kompyuta. Kwa kuandika, kusoma na kujaza fomu inatosha kabisa.

Kadi ya video ni ubao mdogo wa pekee wenye prosesa yake ya picha, kumbukumbu yake, na mara nyingi feni yake. Huchomekwa katika ubao mama, na matundu yake ya skrini hutokea nyuma ya kasha. Mafundi wanaozungumza Kifaransa huiita carte graphique, na ndilo jina utakalolisikia madukani.

2. JE, UNAIHITAJI KWELI?

Usitibu mguu ikiwa mgonjwa analalamikia jino. Kadi ya video inasaidia katika mambo haya:

(a) Sehemu ya video ya ubao mama imekufa, na mashine nyingine yote ni nzima.
(b) Unahitaji skrini mbili, au skrini mpya ambayo tundu lake halipo katika mashine yako.
(c) Unafanya kazi ya video, michoro ya majengo au picha kubwa, na programu yenyewe inadai kadi.

Haisaidii katika mambo haya:

(a) Kompyuta inachelewa kuwaka na kufungua barua. Hapo tatizo mara nyingi ni RAM ndogo au diski iliyochoka. Katika Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame mstari wa kumbukumbu na mstari wa diski. Kama diski inakaa karibu na asilimia 100 muda wote, diski ya aina ya SSD itakufaa kuliko kadi. Kama kumbukumbu imejaa, ongeza RAM.

(b) Kompyuta inazimika yenyewe baada ya nusu saa. Tazama kwanza vumbi. Vumbi jekundu la kiangazi huziba feni ya prosesa mpaka hewa haipiti. Brashi laini na dakika ishirini za kazi haziombi fedha.

(c) Mtu anakuambia kwamba ukiweka kadi mpya, mashine yako itakubali Windows 11. Usikubali. Ni kweli kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini Windows 11 inadai pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyo katika orodha yake. Kwa Intel orodha hiyo kwa kawaida huanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kadi ya video haibadili hayo. Mashine ya zamani ambayo haifai kwa Windows 11 inaweza kuendelea vizuri kwa kutumia Linux, ambayo ni bure.

Kama sehemu ya kwanza haina jibu lako, acha hapa. Umeokoa fedha ya kikundi.

3. VIPIMO VINNE

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa kasha. Sasa pima.

KIPIMO CHA KWANZA: NAFASI YA KUCHOMEKA

Tazama sehemu ya chini ya ubao mama, upande wa nyuma ya kasha. Utaona mitaro ya plastiki. Kuna aina tatu za kujua:

- PCI. Ni ya tangu mwaka 1992. Mara nyingi ni nyeupe. Kadi za video za aina hii ni chache na ni dhaifu.
- AGP. Ilianza mwaka 1997. Mara nyingi ni ya kahawia, nayo imewekwa mbali kidogo na ukingo wa nyuma kuliko mitaro mingine. Kompyuta yenye AGP ni ya zamani sana. Usiitafutie kadi ya kununua. Fedha hiyo ni afadhali iwe mwanzo wa kununua mashine nyingine.
- PCI Express. Ilianza kuonekana katika kompyuta za mezani mwaka 2004. Mtaro wa kadi ya video ni ule mrefu unaoitwa x16. Upime kwa rula: una karibu milimita 89, na mara nyingi mwishoni una klipu ndogo ya kushika kadi.

Kadi ya PCI Express haiingii katika AGP wala PCI. Usilazimishe. Lakini matoleo mbalimbali ya PCI Express hupokeana: kadi ya toleo la 3 kwa kawaida hufanya kazi katika mtaro wa toleo la 2, kwa kasi ya mtaro huo.

KIPIMO CHA PILI: KIMO NA UREFU

Makasha ya ofisi ni ya namna mbili. Kuna mnara mpana, na kuna kasha jembamba ambalo mara nyingi hulazwa chini ya skrini. Tazama vibati vya chuma vilivyoziba matundu ya nyuma. Vikiwa na urefu wa sentimeta 12, kasha linapokea kadi ya kawaida. Vikiwa na karibu sentimeta 8, unahitaji kadi fupi. Muuzaji akisema "hii ni fupi", dai kuona kibati kifupi chake. Kadi fupi iliyofungwa kibati kirefu haitaingia mpaka kibati kibadilishwe.

Pima pia nafasi kutoka nyuma ya kasha hadi kitu cha kwanza kinachozuia, kama diski au nyaya. Andika sentimeta hizo. Angalia vilevile kama kuna kitu karibu sana na mtaro, kwa sababu kadi nyingi zina feni nene inayokula nafasi ya mitaro miwili.

KIPIMO CHA TATU: UMEME

Hiki ndicho kipimo kinachosahaulika, nacho ndicho kinachoua mashine.

Ndani ya kasha kuna sanduku la chuma lenye feni, linalogawa umeme. Mafundi huliita pawa saplai. Kwa Kifaransa ni alimentation. Ubavuni lina karatasi ya maandishi. Tafuta jumla ya wati. Kompyuta nyingi za ofisi zina wati 240 hadi 320 tu. Tafuta pia mstari wa volti 12, kwa kuwa kadi ya video hula umeme wake mwingi hapo. Zidisha volti kwa ampea. Mfano: volti 12 mara ampea 16 ni wati 192.

Mtaro wa PCI Express x16 hutoa kwa kadi wati 75 kwa kiwango cha juu. Katika baadhi ya mashine ndogo za ofisi hutoa pungufu ya hapo. Kadi inayohitaji zaidi ya 75 ina tundu lake la ziada la umeme: lenye pini 6 huongeza wati 75, lenye pini 8 huongeza wati 150. Kama pawa saplai yako haina waya wa namna hiyo, kadi hiyo si yako. Usikubali kuunganishiwa waya za kubuni ili iwake.

Sasa fanya hesabu. Chukua mashine yenye prosesa Intel Core i5-3470 ya mwaka 2012, ambayo hula hadi wati 77. Kadiria wati 40 kwa ubao mama, RAM na feni, na wati 25 kwa diski na kisomea CD. Jumla ni wati 142. Pawa saplai ni ya wati 240, lakini imezeeka, kwa hiyo usiitumikishe zaidi ya robo tatu ya nguvu yake, yaani wati 180.

Ukiongeza kadi ya wati 30, jumla ni 172. Iko chini ya 180. Inafaa.
Ukiongeza kadi ya wati 75, jumla ni 217. Imepita. Haifai, hata kama inaingia vizuri katika mtaro.

Hizi hapa kadi nne zinazopatikana kwa mitumba, na umeme zinaoula:

- GeForce GT 710, ya mwaka 2016: wati 19
- GeForce GT 1030, ya mwaka 2017: wati 30
- Radeon RX 550, ya mwaka 2017: wati 50
- GeForce GTX 1050 Ti, ya mwaka 2016: wati 75

GT 710 ni ya kufufua skrini na kuandika, si ya kazi nzito. GT 1030 iko ya namna mbili: yenye kumbukumbu ya GDDR5, na nyingine iliyotoka mwaka 2018 yenye DDR4, ambayo ni dhaifu zaidi. Jina ni moja, kwa hiyo uliza.

KIPIMO CHA NNE: TUNDU LA SKRINI

Tazama nyuma ya skrini yako. Skrini nyingi za zamani zina VGA peke yake: tundu la pini 15 katika mistari mitatu, mara nyingi la rangi ya buluu. Kadi za karibuni zimeacha VGA. GT 1030, kwa mfano, kwa kawaida ina HDMI na DVI tu, lakini kadi nyingi za GT 710 bado zina VGA.

DVI nayo ni ya namna mbili. Ikiwa kuna vitundu vinne vidogo vinavyozunguka ule mpasuo bapa wa pembeni, ni DVI-I, na kiunganishi rahisi kinatosha kuleta VGA. Ikiwa vitundu hivyo vinne havipo, ni DVI-D, na kiunganishi rahisi hakitafanya kazi hata kikiingia. Hapo utahitaji kibadilishaji chenye mtambo mdogo ndani yake. Kinunue siku hiyo hiyo pamoja na kadi, au chagua kadi yenye VGA.

4. MKITUMIA UMEME WA JUA

Vyumba vingi vya mafunzo hutegemea paneli na betri. Hapo kadi ina gharama ya kila siku. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, ama sivyo itakufa mapema. Mna wati-saa 600 za kutumia.

Kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa 5 hula wati-saa 375. Hiyo ni zaidi ya nusu ya akiba yenu, kabla hamjahesabu prosesa, skrini na taa. Kadi ya wati 30 kwa saa hizo hizo hula 150, yaani robo. Ni kweli kadi haifanyi kazi kwa nguvu zote wakati wote. Lakini anayetengeneza video ataitumikisha, na wanafunzi wa jioni ndio watakaokuta betri tupu. Jambo hili liamuliwe na kikundi kizima, si na fundi peke yake.

5. KUNUNUA MUYINGA AU GITEGA

Anzia kambini. Kompyuta iliyokufa ubao mama huenda ina kadi nzima ndani yake. Uliza vikundi vingine. Kisha ulizia Muyinga mjini, kwa sababu ni karibu, na bidhaa nyingi za kutoka bandari ya Dar es Salaam huingilia Kobero, mpakani, kabla ya kuendelea ndani ya nchi. Gitega, uliofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, ni mji mkubwa zaidi wenye ofisi nyingi, na mashine zinazostaafishwa na ofisi huishia kwa mafundi. Kama una simu, mtumie muuzaji picha ya mtaro, ya vibati na ya karatasi ya pawa saplai kabla hujasafiri.

Beba karatasi yenye mistari hii, umeijaza kabla ya kuondoka:

- Jina na namba ya kompyuta, kama ilivyoandikwa mbele au ubavuni
- Mtaro: PCI, AGP au PCI Express x16
- Kibati: sentimeta 12 au 8
- Nafasi ya urefu: sentimeta ngapi
- Pawa saplai: wati ngapi, volti 12, ampea ngapi, kuna waya wa pini 6 au hakuna
- Wati zilizobaki kwa kadi, baada ya hesabu
- Tundu la skrini: VGA, DVI au HDMI
- Windows ya toleo gani, au Linux

Dukani fanya mambo manne.

Kwanza, dai kadi iwashwe mbele yako katika mashine ya fundi, kwa dakika kumi au zaidi. Tazama kama skrini ina mistari, vidoa vya rangi au kutetemeka. Sikiliza feni. Kapasita zilizovimba kichwani ni dalili ya kadi iliyochoka.

Pili, hakikisha jina. Ziko kadi bandia ambazo zimeandikiwa jina la kadi mpya huku ndani ni ya zamani. Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z husoma kadi yenyewe, na tangu mwaka 2018 hutambua baadhi ya bandia hizo. Mwombe fundi aifungue.

Tatu, ondoka na draiva. Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi. Ya Nvidia ina ukubwa wa mamia ya megabaiti. Kuipakua kwa simu kambini ni kumaliza vocha. Iweke katika flashi pale pale mjini, ya toleo la Windows uliloandika. Kwa GT 710, Nvidia iliacha kutoa matoleo mapya ya kawaida mwaka 2021, kwa hiyo ombeni draiva ya namba inayoanza na 47, si ya karibuni zaidi. Wenye Linux wana nafuu: draiva za kadi za AMD kama RX 550 zimo tayari ndani ya Linux.

Nne, omba risiti yenye jina la kadi, tarehe, na siku za kurudisha. Asiyetaka kuandika hata mstari mmoja, mwachie kadi yake.

6. KUIWEKA, HATUA KWA HATUA

1) Weka kompyuta juu ya meza ya mbao, mahali pasipo vumbi wala unyevu. Usifanye kazi juu ya zulia au blanketi.

2) Zima. Chomoa waya wa umeme. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano.

3) Shika chuma cha kasha kwa mkono, na rudia kila baada ya dakika chache. Mwili hubeba umeme tuli, hasa kiangazi, na cheche usiyoisikia inaweza kuua kadi.

4) Kama kuna kadi ya zamani, fungua skrubu ya kibati, bonyeza klipu ya mtaro, ivute juu taratibu bila kuiyumbisha. Kama haipo, ondoa kibati kilicho mkabala na mtaro.

5) Shika kadi mpya kwa kingo zake. Usiguse sehemu ya dhahabu. Ilinganishe na mtaro, isukume chini kwa nguvu sawa pande zote mbili mpaka klipu ilie.

6) Funga skrubu ya kibati. Bila skrubu, kebo ya skrini itaivuta kadi mpaka ilegee.

7) Hakikisha hakuna waya unaogusa feni.

8) Tazama nyuma ya pawa saplai. Baadhi zina swichi nyekundu yenye namba 115 na 230. Umeme wa Burundi ni wa volti 220, hivyo swichi lazima iwe 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115, na ikiwashwa hivyo hapa pawa saplai itaungua.

9) Chomeka kebo ya skrini katika kadi mpya, si katika tundu la zamani la ubao mama. Kosa hili huwafanya wengi wadhani kadi ni mbovu.

10) Washa. Picha ya kwanza itakuwa kubwa na isiyo safi. Ni kawaida. Weka draiva kutoka katika flashi, zima, washa tena.

11) Fanya kazi nusu saa ubavu ukiwa wazi, ukitazama kama feni inazunguka. Kisha funga.

TAHADHARI: Usifungue pawa saplai yenyewe, wala skrini ya zamani yenye mgongo mkubwa. Ndani yake hubaki umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Watoto wasiwepo karibu na kompyuta iliyo wazi.

7. SKRINI IKIBAKI NYEUSI

Usikimbilie kurudi Gitega. Zima, chomoa, kisha fuata mpangilio huu:

- Je, kebo iko katika kadi, na skrini imechaguliwa tundu sahihi?
- Itoe kadi, uirudishe tena. Mara nyingi haikuingia mpaka mwisho.
- Je, kadi ina tundu la pini 6 ulilolisahau?
- Itoe kadi kabisa, rudisha kebo katika tundu la ubao mama. Ikiwaka, ingia katika mpangilio wa BIOS, uchague kadi ya PCI Express iwe ya kwanza, au "Auto". Jaribu tena.
- Ijaribu kadi katika kompyuta nyingine inayolingana. Ikiwaka huko, tatizo ni mashine yako, huenda pawa saplai. Isipowaka, peleka kadi na risiti yake kwa aliyekuuzia.

Kama kompyuta inawaka vizuri lakini inazimika unapofungua video, huo ni mlio wa pawa saplai inayozidiwa. Usiendelee kujaribu. Itoe kadi.

Umeme wa mtandao ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuwasha, kwa kuwa mara nyingi hurudi kwa kishindo. Stabilaiza ikipatikana, mashine zenye kadi ziwe za kwanza kuunganishwa.

8. KADI YA ZAMANI

Usiitupe wala kuichoma moto. Bao za zamani zina risasi, na moshi wake ni sumu kwa anayeuvuta na kwa shamba lililo karibu. Ifunge katika karatasi, uandike juu yake "nzima" au "mbovu", na tarehe. Nzima ni ya akiba. Mbovu ni ya kufundishia: wanaojifunza ufundi waizoee mikononi kabla ya kugusa ya kikundi.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni pamoja katika kikundi, mjibu bila kutazama juu.

1. Kompyuta ya kikundi inachukua dakika sita kuwaka, lakini video ikishafunguka huonekana vizuri. Je, mnunue kadi?
2. Pawa saplai ni ya wati 280. Vifaa vilivyomo vinakula wati 150. Je, kadi ya wati 50 inafaa? Na ya wati 75?
3. Skrini yenu ina VGA tu. Muuzaji ana GT 1030 kwa bei nafuu. Mtamwuliza nini?
4. Vibati vya kasha lenu vina sentimeta 8. Muuzaji anawaonyesha kadi yenye kibati cha sentimeta 12. Mtafanya nini?

MAJIBU

1. Hapana. Tazameni diski na RAM kwanza.
2. Robo tatu ya 280 ni 210. Vifaa 150 na kadi 50 ni 200: inafaa. Vifaa 150 na kadi 75 ni 225: haifai.
3. Kama ana kibadilishaji cha HDMI kwenda VGA chenye mtambo ndani, na jumla ya bei ya vyote viwili. Huenda kadi yenye VGA ikawa rahisi zaidi. Mwulize pia kama kumbukumbu yake ni GDDR5 au DDR4.
4. Mwombeni kibati kifupi cha kadi hiyo hiyo, kifungwe mbele yenu. Kama hana, msinunue.

Ibandikeni karatasi ya vipimo ukutani katika chumba cha kompyuta, mmoja wenu aijaze kwa kila mashine wiki hii, hata kama hamna mpango wa kununua. Siku mtu wa kikundi atakapopata ruhusa ya kwenda mjini kwa shughuli nyingine, ataondoka nayo mfukoni.